Vidole vya manjano: kwa nini mtoto wako anachapa nakshi shuleni

Huenda siku moja mtoto wako wa P2 au P3 akarudi kutoka shuleni na vidole vya manjano, na doa kwenye sare uliyoifua jana. Kabla hujamfokea, muulize walifanya nini darasani. Akikujibu kwamba walikuwa wanachapa nakshi kwa kipande cha mgomba, ujue alikuwa anasoma. Alikuwa anacheza pia, lakini kwa mtoto wa umri huo mambo hayo mawili hayaachani.

Tumeandika makala hii kwa wazazi na walimu wa Nakivale, wakimbizi pamoja na wenyeji wa Isingiro, kwa sababu kuna swali ambalo mzazi yeyote anaweza kuliuliza: kwa nini mtoto atumie kipindi kizima na rangi wakati hata kusoma hajajua vizuri? Ni swali la haki. Anayehangaikia daftari, sare na mchango wa uji wa shule anastahili kujua muda wa mtoto wake unaenda wapi. Na wewe mwalimu, ambaye pengine umeambiwa kwenye semina ufundishe "nadharia ya rangi" kisha ukarudi kwenye darasa lisilo na hata penseli za rangi, unastahili kuambiwa inafanyikaje kwa vitu vilivyopo.

Nadharia ya rangi ni jina kubwa kwa maswali madogo matatu. Rangi zinatoka wapi? Zikichanganywa zinazaa nini? Na zikikaa jirani zinafanyiana nini? Mtoto wa miaka saba anaweza kuyajibu yote matatu kwa mikono yake, bila kukariri neno hata moja.

Kwa nini nakshi, si picha?

Mpe mtoto karatasi umwambie achore nyumba. Atahangaika na nyumba: paa limepinda, mlango umekuwa mkubwa kuliko ukuta, na mwenzake wa pembeni amechora nzuri zaidi. Rangi ataipaka mwisho, harakaharaka, bila kuifikiria. Mimi mwenyewe nilipokuwa P3 nilichapwa kwa kumpaka ng'ombe rangi ya zambarau, na kwa miaka mingi baadaye sikushika tena brashi. Sikuwahi kuambiwa kosa langu lilikuwa nini hasa.

Nakshi inamwondolea mtoto mzigo huo. Umbo ni moja, dogo, na linajirudia: pembetatu, pembetatu, pembetatu. Hakuna wa kumcheka kwamba hajui kuchora. Kilichobaki cha kuamua ni rangi tu. Akichapa safu ya pembetatu kwa nyekundu na nyeusi, halafu chini yake akachapa safu ile ile kwa nyekundu na kijani, anaona mwenyewe kwamba umbo halikubadilika hata kidogo lakini nakshi imekuwa nyingine kabisa. Amebadilisha kitu kimoja, ameacha vingine vyote vilivyo, na ametazama kilichotokea. Atakapofika madarasa ya juu akaambiwa afanye jaribio la sayansi, ataombwa kufanya hivyo hivyo.

Kuna sababu ya pili, nayo inatuhusu sisi zaidi kuliko shule za mjini. Katika darasa moja la hapa unaweza kukuta mtoto anayeongea Kinyabwisha nyumbani, amekaa na wa Kirundi, wa Kisomali, wa Kifuliru, wa Kiswahili na wa Runyankore. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo. Mtoto aliyefika mwezi uliopita hana lugha hiyo, na Kiingereza hana. Siku nzima anakaa kimya, na mwalimu mwenye watoto mia moja hawezi kujua kama ukimya ule ni wa kutojua au wa kutoelewa lugha. Lakini mwekee mbele yake vizibo vya soda: chekundu, cheupe, cheupe, chekundu, cheupe, cheupe. Mpe rundo la vizibo, halafu mnyoshee kidole nafasi inayofuata. Akiweka chekundu bila kuambiwa neno, sasa unajua kichwa chake kinafanya kazi vizuri. Lugha itafuata.

Vitabu vya hisabati huita mpangilio kama huo ruwaza. Kwa hiyo kipindi hicho cha "rangi" ni cha hesabu pia, na mwalimu asiogope kuuandika hivyo kwenye mpango wake wa kazi.

Yaliyoko nyumbani tayari

Mzazi mwingine atasema, mimi sijasoma sanaa, nitamsaidiaje? Lakini tazama kwenye kibanda chako. Kama kuna mkeka uliosukwa kwa majani yaliyochemshwa kwenye rangi, kuna somo. Kama kuna kitenge, au kikwembe kama wanavyokiita Wakongo wengi, kuna somo jingine. Kitenge chenyewe kina safari ndefu: mbinu yake ilianzia kwenye batiki ya kisiwa cha Java, Waholanzi wakaiiga kwa mashine katika karne ya 19 na kuleta nguo zao Afrika, na leo kinavaliwa kuanzia Bukavu hadi Mbarara kama vile hakijawahi kutoka kwingine. Mwambie mtoto atafute kwenye kitenge chako mahali ambapo ua linaanza kujirudia. Aweke kidole hapo, halafu atafute ndugu yake wa pili, na wa tatu. Kisha ahesabu zimetumika rangi ngapi. Mara nyingi ni chache kuliko alivyodhani, tatu au nne, zilizopangwa hadi zikaonekana nyingi.

Waliotoka Rwanda mashariki, upande wa Gisaka, wanajua imigongo: wanawake hutengeneza matuta membamba ya samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu juu ya ubao au ukuta, na ikikauka huyapaka, kwa kawaida kwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mistari ya pembe kali, rangi tatu, basi. Mbali zaidi, huko Kasai katikati ya Kongo, Wakuba hutengeneza kitambaa cha rafia. Wanaume hufuma, wanawake hutarizi juu yake maumbo yanayofuatana na kuvunjana. Hapo pia rangi ni chache: umanjano wa rafia yenyewe, nyeusi, na nyekundu inayotoka kwenye unga wa mti.

Nyeusi, nyeupe, nyekundu. Sikiliza sasa Kiswahili chetu. Tunasema kitambaa chekundu, maua mekundu, mchanga mwekundu. Vivyo hivyo cheusi na meusi, cheupe na meupe. Rangi hizo tatu tu ndizo zinazobadilika kufuata kitu kinachosemwa. Nyingine nyingi tumeziazima kwenye vitu: kijani kutoka jani, kijivu kutoka majivu, kahawia kutoka kahawa, chungwa na zambarau kutoka matunda, na manjano kutoka kile kiungo cha pilau. Mtoto akiambiwa hivi hucheka, kisha anaanza kutafuta majina mengine. Mwache atafute. Mtoto wa mfugaji, awe Mnyankole wa hapa au aliyevuka mpaka na wazazi wake, atakuletea majina ya rangi za ng'ombe ambayo mwalimu wa mjini hayajui. Bihogo, yule wa hudhurungi iliyokolea kuelekea wekundu, hamchanganyi na mwingine. Huyo tayari ana jicho la rangi. Shule inamwongezea tu njia ya kulieleza.

Vifaa: vya kutumia na vya kutogusa

Rangi za msingi ni tatu: nyekundu, manjano na bluu. Kama shule au kamati ya wazazi ina pesa kidogo, isinunue boksi la rangi ishirini na nne. Inunue rangi ya maji ya vikopo vitatu, hizo tatu za msingi, na kikopo kimoja cha nyeupe kilicho kikubwa kuliko vingine, kwa sababu nyeupe huisha kwanza. Hakikisha imeandikwa kwamba ni ya watoto au ya shule.

Nyingine tunazo. Mkaa uliosagwa na kuchekechwa unatoa nyeusi nzuri. Udongo mwekundu wa hapa, ukichujwa kwenye kitambaa ili mawe na mchanga vibaki juu, unatoa nyekundu ya matofali. Mabaki ya chaki yanatoa nyeupe hafifu. Unga wa manjano unatoa manjano kali sana, ndiyo hiyo iliyoko vidoleni mwa mtoto wako. Ili rangi hizi zishike kwenye karatasi zinahitaji gundi: vijiko viwili vya unga wa muhogo kwenye glasi moja ya maji, ukoroge juu ya moto mdogo hadi iwe kama uji mwepesi. Najua unga ni chakula, na najua mgao umepungua. Vijiko viwili vinatosha darasa zima, na uji wa jana uliobaki kwenye sufuria unafanya kazi hiyo hiyo.

Kwa ajili ya kuchapa, usitumie viazi. Vitabu vingi vinasema viazi kwa sababu viliandikwa mahali ambapo kiazi kikiharibika hakuna anayelala njaa. Hapa tuna migomba. Kata kikonyo cha jani la mgomba, ule uti mnene wa katikati, kwa kisu kikali na kwa mkato ulionyooka. Utaona umbo la mwezi mchanga, lenye vyumba vidogovidogo ndani kama sega la nyuki. Lichovye kwenye rangi, ligandamize kwenye karatasi, na tayari una nakshi ambayo hakuna aliyeichora. Kikonyo kimoja kinatoa vipande vya kutosha watoto wengi. Mwalimu ndiye anayekata, watoto hawashiki kisu.

Sasa vya kutogusa, na hapa tafadhali usipitishe macho tu. Unga mweusi ulioko ndani ya betri za tochi usitumike kabisa. Tunajua watu wanaupaka kwenye ubao wa kuandikia na kwenye kuta, lakini una kemikali zinazodhuru, na watoto hula vidole. Rangi ya mafuta ya milango na mabati, hasa ya zamani au isiyo na maelezo, inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto taratibu bila dalili za mapema. Na kwa kutafuta kijani, watoto wasitumwe kuponda majani ovyo; mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa inaweza kuunguza ngozi na macho.

Somo lenyewe

Anza na mbili tu: manjano na bluu. Kila kundi lipate kijiko cha manjano kwenye kifuniko cha ndoo au kipande cha kigae, na bluu kidogo pembeni. Waambie waongeze bluu kwa ncha ya kijiti, tone moja, wachape mwezi mmoja. Tone la pili, wachape wa pili. Wakifika mwezi wa sita wana safu inayotoka manjano, ikapita kwenye majani machanga, ikaishia kwenye kijani cha msituni. Safu hiyo inafundisha mengi kuliko mwalimu kusema "manjano na bluu ni kijani". Wameona kwamba kijani si kimoja. Na wameona kwamba bluu ina nguvu: tone linatosha kuibadilisha manjano, lakini ukianza na bluu utamaliza kikopo kizima cha manjano kabla hujapata kijani. Anza daima na rangi nyepesi, ongeza iliyo nzito. Ni sheria ya rangi, na inaokoa pesa ya kamati.

Siku nyingine nyekundu na manjano, mpate chungwa. Hiyo haina shida.

Zambarau ina shida, na heri uambiwe mapema. Kitabu kinasema nyekundu na bluu huzaa zambarau. Utachanganya mbele ya watoto themanini, na utapata rangi ya tope. Hujakosea. Nyekundu nyingi za dukani zina umanjano ndani yake, zimeelekea kwenye chungwa, na rangi tatu za msingi zikikutana pamoja huuana zikawa kahawia. Ukitaka zambarau safi tumia nyekundu inayoelekea waridi. Ndiyo maana mashine za kuchapa vitabu na magazeti hazitumii nyekundu ya kawaida. Zinatumia waridi kali, bluu iliyo karibu na samawati, manjano, na nyeusi. Kama huna ya waridi, usiifiche ile kahawia. Waulize watoto: nani amejificha humu? Watoto waliopata chungwa wiki iliyopita watamtaja.

Kisha kuna manjano na majivu, na hapa hata wakubwa husogea karibu. Mwalimu aloweke majivu kwenye maji na kuyachuja. Maji hayo yanawasha ngozi, kwa hiyo ayashike yeye peke yake. Achape mwezi wa unga wa manjano kwenye karatasi, halafu apitishe juu yake kijiti kilichochovywa kwenye maji ya majivu. Manjano itageuka nyekundu ya kahawia papo hapo. Adondoshe tone la limau, na manjano itarudi. Waliokuwa wanadhani rangi ni kitu kinachokaa juu ya vitu kama vumbi sasa wanajua kwamba kuna kinachotokea ndani.

Sehemu ninayoipenda zaidi haihitaji kuchanganya chochote. Chukua karatasi moja ya kijivu. Kama huna, paka karatasi kwa chaki na mkaa. Ikate vipande viwili vinavyolingana. Kimoja kiweke katikati ya karatasi nyeupe, kingine katikati ya karatasi iliyopakwa mkaa. Uliza kipi ni cheusi zaidi. Darasa zima litapiga kelele kwamba kile cha kwenye nyeupe. Sasa viondoe, uviweke pamoja. Kutakuwa na kimya kidogo, kisha atatokea mmoja wa kusema mwalimu amebadilisha.

Jambo hilo liliwahi kumtatiza bingwa. Mwaka 1824 mkemia Michel-Eugène Chevreul aliwekwa kuwa mkuu wa kazi ya kutia nyuzi rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Walimlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi ni hafifu zikifumwa jirani na bluu na zambarau. Akazipima, akakuta nyuzi hazina kasoro. Kasoro ilikuwa ujirani: rangi iliyo kando ilikuwa inaipokonya nyeusi nguvu yake machoni pa mtu. Alichapisha kitabu juu ya hilo mwaka 1839, na wachoraji wamekitumia tangu hapo. Mama anayesuka mikeka hapa Juru au Rubondo hakuhitaji kitabu hicho. Anajua kwamba ukindu wa zambarau ukikaa karibu na mweusi hauonekani, na ukikaa karibu na manjano unaruka. Mwalimu, mwalike siku moja darasani. Mwombe aje na mkeka ambao haujaisha, wasiishie kuona uliokamilika.

Mtoto anayechanganya nyekundu na kijani

Kuna jambo moja ambalo vipindi hivi hulifichua, na kwangu hilo pekee lingetosha kuvitetea.

Katika darasa moja nililotembelea, watoto walikuwa wakipanga vizibo: chekundu, cha kijani, chekundu, cha kijani. Mvulana mmoja alikuwa amepanga vizuri sana hadi nusu, halafu vikundu viwili vikafuatana, kisha vya kijani vitatu. Wenzake wakamcheka. Mwalimu msaidizi akamwambia alipange upya na aache uvivu. Akapanga upya, akakosea tena, lakini mahali pengine. Mwalimu wa darasa akafanya jambo la busara: akamwondolea vya kijani, akampa vyeupe. Chekundu, cheupe, chekundu, cheupe, hadi mwisho wa meza, bila kosa hata moja.

Mtoto huyo hakuwa mvivu. Yawezekana macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, hali ambayo mtu huzaliwa nayo. Huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, kwa sababu kwa kawaida hurithiwa kupitia kromosomu ya X, na mvulana anayo moja tu. Watu wenye hali hiyo wanaona vizuri kwa mambo mengine yote. Wengi hawajui wenyewe kwamba wanaona tofauti, maana hawajawahi kuazima macho ya mtu mwingine. Haina dawa, na haiambukizi. Haikuletwa na laana wala na jicho la jirani.

Dalili nyumbani ni kama hizi: mtoto anatumwa kuchuma nyanya zilizoiva na kurudi na mbichi, anapaka majani kahawia na shina la mti kijani, anashindwa kuona pilipili nyekundu iliyojificha kwenye majani hadi aishike. Mara moja si dalili, watoto hukosea. Ikijirudia, mpeleke kituo cha afya na uombe apimwe macho, na umweleze mwalimu wake. Mwalimu aandike majina ya rangi kwenye vikopo. Nakshi za mtoto huyo zitumie tofauti ya weusi na weupe, mathalani bluu iliyokolea na manjano. Asichapwe wala asicheshwe mbele ya wenzake. Mtoto anayeitwa mjinga kwa miaka miwili kwa sababu ya vizibo huanza kuamini.

Na si jambo la darasani tu. Hapa kambini rangi hutoa taarifa. Utepe ambao wahudumu wa afya ya jamii humzungushia mtoto wa miezi 6 hadi 59 kwenye mkono una rangi tatu: kijani kuanzia sentimita 12.5, manjano kati ya 11.5 na chini ya 12.5, nyekundu chini ya 11.5, ambayo maana yake mtoto ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu bila kuchelewa. Baba asiyetofautisha nyekundu na kijani anaweza kuutazama utepe huo asijue kwamba mwanawe yuko hatarini. Namba zimeandikwa pale pale pamoja na rangi. Muulize mhudumu akusomee, usione haya.

Darasa la watoto mia

Mwalimu ananiambia: haya yote ni mazuri kwa watoto ishirini. Ni kweli, na sitadai kwamba ni rahisi. Lakini mia moja hawahitaji kuchapa siku moja. Gawanya darasa mara nne. Robo moja wachape, nje chini ya mti, kwenye karatasi moja kubwa ya manila kwa kila kundi: mmoja anachovya, mmoja anachapa, mmoja anahesabu, mmoja anaangalia kama mpangilio umevunjika. Wabadilishane kila baada ya safu. Robo ya pili wapange vizibo na mawe. Waliobaki wana kazi ya daftari, na wiki ijayo zamu yao. Rangi imwagwe kwenye vifuniko, kidogokidogo, kikopo kikae mezani kwa mwalimu. Maji ya kuosha brashi yasichotwe kwenye ndoo ya kunywa. Yale ya kunawia mikono yaliyokwisha kutumika yanafaa.

Mzazi, unaweza kusaidia bila kutoa shilingi. Kusanya vizibo, mifuniko ya plastiki, vipande vya vitenge vinavyotupwa chini ya cherehani. Mafundi wa Base Camp hutupa vitambaa vingi kila jioni. Ukiomba vizuri huenda watakuwekea kwenye mfuko. Vipande hivyo vikikatwa miraba vinakuwa nakshi ya kubandika, na hapo hata gundi ni ule uji.

Tukirudi kwenye ile sare. Rangi ya maji ya shule hutoka kwa maji baridi kama haijakauka siku mbili. Udongo na mkaa, piga brashi pakavu kwanza ndipo uloweke. Doa la manjano litakushtua: ukilipaka sabuni litageuka jekundu kama damu, kwa sababu ile ile ya maji ya majivu. Usitupe sare. Suuza hadi sabuni iishe, kamulia limau, suuza tena, kisha anika juani doa likitazama juu. Jua hulififisha manjano, na baada ya siku chache za kuanika huenda ukalitafuta usilione.